Uvuvi wa fimbo Uingereza: leseni, kadi ya klabu na vifaa vya kuanzia

Mtu aliyezoea uvuvi wa Ukerewe, Kigoma au Kilifi akihamia Leicester au Reading hukuta maji kila upande: mto, mfereji, mabwawa ya machimbo ya zamani ya kokoto. Hukuta pia watu wameketi kwenye viti, mwavuli juu na chai pembeni, macho yote kwenye chelezo linaloelea mwisho wa mshipi. Anatoka samaki aitwaye kapi, wa kilo sita, anapigwa picha, anarudishwa majini. Kwa aliyelelewa akijua samaki ni kitoweo, hilo linashangaza. Lakini karibu kila sheria na karibu kila kifaa kinachotajwa hapa kimewekwa ili samaki arudi majini akiwa mzima. Ukilishika hilo, mengine yanaeleweka yenyewe.

Waingereza hugawa samaki wa maji baridi mafungu mawili. Fungu moja ni salmoni na trauti. Wengine wote huitwa kosi: kapi, rochi, brimu, tenchi, chabu, paiki na kadhalika. Kapi huyo ndiye yule yule anayevuliwa kwa wingi Ziwa Naivasha. Mwongozo huu ni wa hao wa kosi, kwa maji ya England. Wales hutumia leseni ile ile ya fimbo ya England lakini ina msimamizi wake na baadhi ya kanuni zake. Scotland haina leseni ya fimbo kwa sehemu kubwa ya maji yake, ila ruhusa ya mwenye maji bado inahitajika. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake kabisa.

Karatasi mbili, si moja

Kosa linalowagharimu wageni wengi ni kudhani leseni inatosha. Inahitajika leseni ya serikali, na juu yake ruhusa ya mwenye maji. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Leseni hutolewa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, na hununuliwa kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Kuwa mwangalifu na tovuti zinazofanana nayo ambazo huongeza ada yao juu. Kila mwenye miaka 13 na kuendelea lazima awe nayo. Wa miaka 13 hadi 16 hupewa bure, lakini lazima waiombe. Mtoto wa miaka 14 asiye nayo amevunja sheria hata kama yuko na baba yake mwenye leseni. Chini ya miaka 13 hakuna leseni. Unaweza kununua ya siku moja, siku nane au miezi kumi na miwili, na ya mwaka huhesabiwa tangu siku unayochagua. Bei hupitiwa upya kila baada ya muda. Mwaka 2024, ile ya mwaka mzima ya trauti na kosi kwa fimbo mbili ilikuwa chini ya pauni 40. Kuna punguzo kwa wazee na kwa wenye ulemavu. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi.

Leseni ya kawaida inaruhusu fimbo mbili. Wavuvi wa kapi hununua ya fimbo tatu. Fimbo zako zote zikiwa majini, umbali kati ya vitako vya ile ya mwisho kushoto na ile ya mwisho kulia usizidi mita 3, na usiziache ukaenda dukani. Mshipi wa mkono uache nyumbani, kwa sababu leseni inazungumzia fimbo. Mshipi wa kutega usiku kucha ni marufuku.

Kisha kalenda. Kwenye mito yote ya England, uvuvi wa kosi hufungwa tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, siku zote mbili zikiwemo, ili samaki watage. Tarehe 16 Juni asubuhi utaona watu wamejipanga ukingoni kana kwamba ni sikukuu. Mabwawa na mifereji mingi haina kipindi hicho cha kisheria, isipokuwa sehemu chache zilizotengwa kwa hifadhi. Mwenye bwawa anaweza kufunga kwa kanuni yake mwenyewe, na klabu nyingi hufanya hivyo. Jihadhari na mfereji unaopita ndani ya mto kwa kipande fulani: kipande hicho huhesabiwa kuwa mto.

Na kitoweo? Mtoni, sheria inaruhusu mvuvi mmoja kwa siku kuchukua samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, paiki 1 asiyezidi sentimita 65, na samaki 2 wa aina ya greilingi wenye sentimita 30 hadi 38. Mkunga harudi nawe nyumbani hata mmoja. Kwenye mabwawa na mifereji huchukui chochote bila idhini ya maandishi ya mwenye maji. Hata mtoni, klabu yenye haki ya kipande hicho inaweza kukataza kabisa, na nyingi zimekataza. Kuondoka na samaki wa bwawa la watu ni kosa la jinai chini ya sheria ya wizi ya mwaka 1968, na klabu hulichukulia kwa uzito kwa sababu samaki hao wamenunuliwa kwa pesa za wanachama. Ukitaka samaki wa kula, nenda baharini, ambako leseni ya fimbo ya burudani haihitajiki, au kwenye bwawa la trauti linalouza ruhusa ya kuchukua.

Maji ni ya nani

Haki ya kuvua mtoni kwa kawaida hufuata ardhi: mwenye ukingo humiliki haki hiyo hadi katikati ya mto. Yeye huikodisha kwa klabu, na klabu hugawa kadi kwa wanachama. Ndiyo maana kadi yako inaweza kukuruhusu ukingo wa kushoto, kutoka daraja hadi mti fulani, na ukivuka upande wa pili wewe ni mvamizi. Soma ramani ya kijitabu cha klabu kabla ya kuchomeka kiti.

Mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya shirika la Canal & River Trust, ambalo limekodisha vipande vingi kwa klabu na vingine huviuzia ruhusa lenyewe kupitia mpango uitwao Waterwanderers. Madaraja ya mifereji yana namba, na vipande vya uvuvi hutajwa kwa namba hizo: “daraja la 41 hadi la 44”. Ukiona bango la klabu kwenye njia ya kandokando ya maji, andika namba ya daraja na ulizia.

Yapo maji ya bure. Mashuhuri kuliko yote ni Thames chini ya Teddington, ambako mto hupanda na kushuka kwa kufuata bahari. Pale huhitaji kadi ya mtu, ila leseni ni lazima, na akili pia: maji hujaa haraka na matope ya ukingoni hunasa miguu. Halmashauri nyingine zina mabwawa kwenye bustani za umma ambapo tiketi ni ya bei nafuu au haipo. Soma bango kwanza. Bwawa lisilo na bango halimaanishi halina mwenyewe.

Kwa anayeanza, njia fupi ni duka la vifaa vya uvuvi la mtaani. Maduka haya huuza kadi za klabu na tiketi za siku, na muuzaji hujua bwawa gani lina rochi wengi wa kujifunzia na lipi lina kapi wakubwa watakaokata mshipi wako. Nunua painti moja (zaidi kidogo ya nusu lita) ya funza wa chambo hapo na maswali yako yatajibiwa vizuri zaidi.

Tiketi ya siku hununuliwa kabla, au mlinzi wa maji hupita kuikusanya ukiwa umeketi. Fuata lile lililoandikwa, maana kwenye maji mengine ukikutwa umeanza kuvua bila tiketi unatozwa zaidi au unafukuzwa. Kadi ya mwaka ina nafuu ukienda mara nyingi. Tuseme tiketi ni pauni 10 na kadi ni pauni 60: safari ya saba ni ya bure. Ila uliza mambo haya kabla ya kulipa. Kuna ada ya kujiunga ya mara moja nje ya ada ya mwaka? Mwaka wa klabu unaanza lini? (Zipo zinazoanza Aprili na zipo zinazoanza 16 Juni. Ukijiunga mwezi wa pili unaweza kulipa mwaka mzima kwa wiki chache.) Kuvua usiku kunaruhusiwa? Siku za mashindano ni zipi, maana hapo bwawa zima limeshikwa? Mgeni anaruhusiwa? Kuna siku za kazi za lazima? Hizo ni kama msaragambo: kukata matete, kutengeneza majukwaa, kuokota taka. Asiyehudhuria hulipa kidogo zaidi. Nenda hata kama si lazima. Wazee wa klabu hutoa siri za bwawa wakiwa na jembe mkononi, mara chache wakiwa na fimbo.

Klabu zenye kapi wakubwa zina orodha ya kusubiri ya miaka. Anayeanza hana haja nazo.

Mlinzi wa maji akija, onyesha kadi na leseni bila kubishana. Leseni iliyo kwenye simu inakubalika. Funga geti na uchanganye namba za kufuli kila unapopita, hata kama aliye mbele yako ameliacha wazi. Geti lililoachwa na ng'ombe wakatoka ndilo huifanya klabu ipoteze mkataba na mkulima.

Seti moja inayotosha

Usinunue fimbo ya kapi ya futi 12 nene kama mpini wa mwiko kwa sababu ndiyo iliyojaa dukani. Ya kujifunzia ni fimbo nyepesi ya chelezo, futi 11 hadi 13, na rili ndogo ya saizi 2500 au 3000. Za mtumba zinafaa: pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete, kikinasa pete imepasuka na itakata mshipi.

Jaza rili kwa mshipi wa nailoni wa ratili 4, karibu kilo 1.8, hadi milimita mbili chini ya ukingo wa kibiringo. Ukijaza pungufu hutafika mbali, ukizidisha mshipi unamwagika wenyewe na kufanya kiota cha ndege. Ukienda bwawa lenye kapi wengi, tumia ratili 6.

Kipande cha mwisho chenye ndoana lazima kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu: ratili 3 kwa mshipi wa 4. Wengine huona huko ni kujitafutia hasara, lakini sababu ipo. Samaki akikushinda nguvu, kitakachokatika ni sentimita 30 za mwisho tu. Mshipi ukikatikia juu, samaki anaondoka akiburuta chelezo na risasi, ananasa kwenye mizizi na kufia hapo.

Ndoana huhesabiwa kinyume: namba ikikua, ndoana inapungua. Namba 16 au 18 kwa funza mmoja au wawili, 14 kwa punje ya mahindi matamu ya kopo, 10 au 12 kwa mkate. Chagua zisizo na kijino, maana maji mengi hayakubali nyingine. Hutoka kwa urahisi mdomoni mwa samaki, na kidoleni mwako pia. Anza na zile zilizofungwa tayari zenye kitanzi. Ukifunga mwenyewe, lowesha fundo kwa mate kabla ya kukaza: nailoni kavu ikisuguana hupata joto, na fundo hupoteza nguvu usiyoiona.

Chelezo: nunua la plastiki angavu au la unyoya wa tausi linaloshikwa chini tu, lililoandikwa 3AAA. Maandishi hayo ni uzito wa vipira vya kubana kwenye mshipi ambavyo chelezo linaweza kubeba. AAA ni gramu 0.8, BB ni 0.4, namba 4 ni 0.2, namba 8 ni 0.06. Vipira vya madini ya risasi vyenye zaidi ya gramu 0.06 hadi gramu 28.35 vimepigwa marufuku kwa sababu vilikuwa vinaua bata-maji, kwa hiyo vile vikubwa hutengenezwa kwa madini mengine. Namba 8 ndiyo imeponea pale kwenye mpaka wa sheria.

Vingine usivyoweza kuacha: wavu wa kuopolea usio na mafundo, kijiti cha kutolea ndoana, kigodoro cha kumlazia samaki, chubwi dogo la kupimia kina, na manati ya kurushia chambo. Wavu wa kuhifadhia samaki usiununue mwanzoni. Sheria inautaka uwe na urefu wa mita 2 au zaidi na pete zisizoachana kufika sentimita 40, na mabwawa mengi yanaukataza nje ya mashindano.

Chambo: painti moja ya funza hutosha nusu siku. Waweke kwenye jokofu, kifuniko kikiwa na matundu, na uwaambie wenzako wa nyumbani kabla hawajafungua. Wakipata joto hugeuka kasta (pupa, funza waliojifunga ganda) ndani ya siku chache, nazo bado ni chambo kizuri kwa rochi. Nyungunyungu wa bustani huvuta tenchi, na mkate laini hufaa wakati wa joto samaki wanapopanda juu.

Kufunga na kupima

Pitisha mshipi kwenye kila pete, kisha vuta na uangalie hujaruka moja. Weka chelezo. Libane kwa AAA moja na BB upande mmoja, AAA nyingine upande wa pili. Hapo una gramu 2.0. Funga kipande cha ndoana kitanzi kwa kitanzi. Ongeza vipira vitano vya namba 8: viwili katikati ya chelezo na ndoana, vingine vikiachana kuelekea chini, cha mwisho sentimita 20 juu ya ndoana. Uzito mwingi ukae kwenye chelezo, la sivyo mshipi wa chini utatangulia na kujisokota hewani.

Sasa pima kina, hatua ambayo wengi huiruka na ndiyo inayowaachia mikono mitupu. Tundika chubwi kwenye ndoana, tupa pale unapotaka kuvua, kaza mshipi taratibu. Chelezo likizama kabisa, kina ni kirefu kuliko ulivyoweka: lisogeze juu. Likisimama limejitokeza sana au likilala, umezidisha: lishushe. Likibaki ncha tu, ndoana iko chini kabisa. Pima sehemu tano au sita, maana samaki hupita penye mteremko. Anza kuvua chambo kikigusa chini, ukiongeza sentimita tatu.

Toa chubwi, tupa tena, na utazame ncha. Ioneshe milimita tano hadi kumi. Ikionekana zaidi, ongeza namba 8 moja. Ncha ndefu ina ubishi mkubwa: rochi akivuta huhisi uzito, anatema, na wewe unaona chelezo likitikisika tu.

Kuvua kwenyewe

Tupa mita tatu kupita pale unapolenga. Zamisha ncha ya fimbo majini, zungusha rili mara mbili kwa haraka ili mshipi wote uzame. Ukibaki juu, upepo utaushika na kuburuta chelezo. Mshipi mpya unaokataa kuzama upanguse kwa kitambaa chenye tone la sabuni ya vyombo.

Rusha funza 10 hadi 15 kwa manati kila dakika chache, daima sehemu ile ile. Kidogo kidogo na bila kuacha. Ukimwaga nusu painti mara moja samaki watashiba chini na chako kitakuwa kimoja kati ya elfu. Chelezo likizama au likienda pembeni, nyanyua fimbo kwa mkono laini. Ukikosa kila mara, mpe samaki ndoana ndogo zaidi au sogeza kipira cha mwisho karibu na ndoana. Ukipata vidogo tu, shusha chambo zaidi na ubadilishe uweke mahindi. Funza wakirudi wamefyonzwa bila dalili yoyote, ncha yako bado ni ndefu.

Breki ya rili irekebishwe kabla, si samaki akiwa ameshika: vuta mshipi kwa mkono, utoke kabla ya kipande cha ndoana kukatika. Samaki akikimbia, mwache akimbie na fimbo ikiwa imepinda. Zamisha wavu kwanza, mlete samaki juu yake, ndipo uunyanyue. Ukimfukuza kwa wavu atapata nguvu mpya.

Lowesha mikono na kigodoro kabla ya kumgusa, kwa sababu ngozi yake ina ute unaomkinga na maradhi, na mikono mikavu huuondoa. Ndoana ikiwa ndani, teleza kijiti juu ya mshipi hadi kwenye upinde wake, sukuma kidogo, itatoka. Ikikataa, kata mshipi karibu kabisa na mdomo. Mrudishe kwa kumshika majini hadi aondoke mwenyewe. Kumrusha kutoka ukingoni kutakufukuzisha klabuni.

Ukihamia baadaye kwenye uvuvi wa chubwi zito kwa ajili ya kapi, hakikisha chubwi linaweza kuchomoka mshipi ukikatika. Lililofungwa moja kwa moja ni kifungo cha samaki, na walinzi hulikagua.

Mambo ya hatari ni machache. Fimbo za kaboni hupitisha umeme, basi kaa mita 30 mbali na nyaya zinazopita juu, na uangalie pia unapotembea na fimbo iliyosimamishwa. Mkojo wa panya kwenye maji huleta homa ya Weil: funika michubuko na unawe kabla ya kula. Ukifika nyumbani, suuza wavu na uukaushe kabisa kabla ya kwenda bwawa jingine, kwani maradhi ya kapi na wadudu wageni husafiri kwenye nyavu mbichi. Mabwawa mengine hukutaka uuchovye kwenye beseni la dawa getini, au utumie nyavu zao.

Na asubuhi ya kiangazi yenye joto ukikuta samaki wengi wamepanda juu wakihema midomo wazi, usitupe ndoana. Hewa imepungua majini. Mwite mlinzi wa klabu, na kama wameanza kufa piga simu ya dharura ya Environment Agency, 0800 80 70 60, utaje jina la maji na saa uliyoona.